Mtoto Anasema, Dada Ananyamaza: Mapitio ya Kitabu Kuhusu Jackie Ormes

Kitabu ninachokipitia hapa kinaitwa Jackie Ormes: The First African American Woman Cartoonist. Kimeandikwa na Nancy Goldstein na kutolewa mwaka 2008 na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Michigan, nchini Marekani. Kinaeleza maisha na kazi ya mwanamke Mweusi wa kwanza katika nchi hiyo kujulikana kwa kuchora katuni za magazeti. Nimekaa nacho Dodoma muda wa kutosha kukisoma mara mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mara nyingine nyingi nimekifungua nikiwa nimezungukwa na wasichana ninaowafundisha kuchora kila Jumamosi nyumbani kwangu Chang'ombe. Niseme mapema kwamba kinastahili kununuliwa, hata kwa gharama ya kukiagiza kutoka mbali, ingawa zipo sehemu ambazo ningependa zingeandikwa kwa namna nyingine.

Ili msomaji aelewe kwa nini kitabu hiki kimenigusa, inabidi ajue kwamba mimi nimekua na katuni. Utotoni mwangu magazeti ya Dar es Salaam yalifika Dodoma kwa basi, mchana, jua likiwa limeshapanda, na baba alipokuwa akisoma habari za Bunge mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikisubiri amalize ili nipate ukurasa wenye picha. Nilimjua Chakubanga wa Christian Gregory kupitia nakala za zamani za Uhuru alizokuwa amezihifadhi babu, na baadaye nikawajua Gado, Masoud Kipanya na James Gayo aliyemchora Kingo, kwa namna ambavyo watoto wengine walivyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Nilinakili mistari yao kwa penseli hadi kifutio kikatoboa karatasi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona jina la mwanamke chini ya mchoro, na linaloniuma zaidi ni kwamba sikuwahi hata kujiuliza. Ninaishi katika mkoa ambao ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, wakiwa wamezibana ngoma kwa mapaja na kuzipiga kwa nguvu ambayo mgeni hukodoa macho, wala hakuna Mgogo anayeshangaa kuona hivyo. Kalamu ya wino, hata hivyo, tuliiacha mikononi mwa wanaume bila mtu yeyote kutuamuru tuiache.

Jackie Ormes alizaliwa tarehe 1 Agosti 1911 katika jimbo la Pennsylvania, akapewa jina la Zelda Mavin Jackson. Ormes ni jina la mumewe, Earl, na Jackie lilitokana na jina la ukoo wake wa kuzaliwa. Baba yake alikuwa na biashara ya uchapaji, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1917, binti huyu akiwa bado mdogo sana. Alianza kuandikia gazeti la Pittsburgh Courier, gazeti la kila wiki la watu Weusi, na kazi yake ya kwanza ikawa kuripoti pambano la ngumi. Baadaye akaajiriwa hapo kama msoma prufu. Goldstein anaipita miaka hiyo upesi, lakini mimi nilisimama kwa muda kwenye hiyo kazi ya prufu. Mtu anayeshinda kutwa nzima akitafuta herufi moja iliyokosewa katika safu ndefu ya maneno hujifunza kuona, na ukitazama michoro ya Ormes ya miaka ya baadaye, jinsi kila kifungo cha gauni kilivyo mahali pake na kila mkunjo wa pazia ulivyo na sababu ya kukunjika, unaliona jicho lile lile likifanya kazi.

Katuni yake ya kwanza ilianza tarehe 1 Mei 1937 katika Courier, ikamhusu msichana aitwaye Torchy Brown anayeondoka Mississippi kwenda kutafuta maisha ya uimbaji na uchezaji huko Harlem, New York. Ilidumu mwaka mmoja tu. Lakini katika mwaka huo kuna kipande ambacho kwangu peke yake kinatosha kuhalalisha sura nzima: Torchy yuko safarini kwa treni, kibao kinawaelekeza Weusi upande wao na Wazungu upande wao, naye anajifanya hajui kusoma, anakwenda kuketi kule anakokatazwa. Wasichana wangu walikielewa kipande hiki kabla sijatafsiri neno lolote. Goldstein anaeleza vizuri pia jinsi gazeti lenyewe lilivyosafiri: Courier lilikuwa na matoleo 14 ya miji mbalimbali, na wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala, wale walioitwa wapagazi wa Pullman, walilibeba hadi majimbo ya kusini. Niliposoma hayo nilikumbuka basi la mchana na baba akifungua gazeti lililokuwa bado na joto la boneti. Katuni ni kazi ya mkono mmoja mezani, lakini haifiki popote bila mabega ya watu wengi barabarani.

Ormes na mumewe walihamia Chicago mwaka 1942. Huko alisoma kwa muda katika shule ya Taasisi ya Sanaa ya Chicago, akaliandikia gazeti la Chicago Defender, na mwaka 1945 akalichorea kwa miezi michache katuni ya Candy, mtumishi wa ndani mwenye ulimi mkali anayemsema mwajiri wake. Kisha, Septemba 1945, akarudi katika Courier na kuanza kazi iliyomjengea jina, nayo ndiyo moyo wa kitabu hiki.

Kazi hiyo ilikuwa na kisanduku kimoja tu kwa wiki. Ndani yake wamo watu wawili: Patty-Jo, mtoto wa miaka mitano au sita, na Ginger, dada yake mkubwa, mrembo, aliyevaa mavazi ya kisasa ya wakati ule. Mtoto anasema, dada hasemi neno. Kwa miaka 11, hadi mwaka 1956, mpangilio ulikuwa huo huo, na kwa mtu anayefundisha kuchora hili ni somo kubwa kuliko sura yoyote ya nadharia. Kwa kuwa Ginger hana maneno, Ormes alilazimika kumpa kila kitu kingine: nyusi, bega, kiganja kilichosimama hewani, mguu ulioteleza nusu nje ya kiatu, shingo inayogeuka kutazama mlango. Maneno ya Patty-Jo hugusa ubaguzi, kodi, shule mbovu, siasa za nje na uwindaji wa wakomunisti, yaani msako wa serikali dhidi ya watu walioshukiwa kuwa wakomunisti. Mtoto hawezi kushtakiwa kwa uchochezi, na mwili wa dada ndio unaotuonyesha uzito wa kilichosemwa.

Jumamosi moja niliifungua sura hii mbele ya wasichana, nikatafsiri maneno machache na kuwaachia watazame wenyewe. Binti mmoja wa darasa la sita aliuliza, "Mwalimu, mbona dada hajibu?" Mwenzake akamjibu kwamba dada anajizuia asicheke. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hasemi kitu hadi darasa liishe, akasema kwamba dada anaogopa watu wa nje watasikia. Nilizisoma kurasa nyingi za Goldstein kuhusu mazingira ya Marekani ya miaka ile, na ni kurasa nzuri, lakini katika chumba kile sikuwa na la kuongeza juu ya maneno ya yule binti.

Mchoro ulio mzito kuliko yote ulitoka tarehe 8 Oktoba 1955. Tarehe 28 Agosti mwaka huo Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi, aliuawa na Wazungu kwa madai kwamba alimpigia mluzi mwanamke wa Kizungu, na mwezi uliofuata mahakama ikawaachia huru wanaume wawili waliokuwa wameshtakiwa. Katika kisanduku cha Ormes, Patty-Jo anamwambia dada yake kwamba hapendi kuonekana mwepesi wa kuchukizwa na jambo hilo, lakini lile birika dogo jipya, jeupe, limempigia mluzi. Ndiyo maneno yote. Hakuna jina la marehemu, hakuna jina la jimbo, hakuna damu. Wasichana walicheka kwa sababu birika linalopiga mluzi ni jambo la kuchekesha, nami niliwaacha wacheke kwanza. Nilipowaeleza mluzi ule ni upi, kimya kilichoingia ndani ya chumba kilikuwa kile kile cha Ginger. Wasomaji wa Courier hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza; habari ile ilikuwa na wiki chache tu, na baadhi yao walikuwa Chicago, mji wa mama yake kijana yule. Nadhani hapa ndipo Ormes alipofikia kilele cha ufundi wake, naye alifika kwa kupunguza, akiondoa kila neno ambalo msomaji wake tayari alikuwa nalo kifuani.

Goldstein anaiweka michoro mingi ya namna hii pamoja na maelezo mafupi yanayofafanua tukio lililokuwa nyuma yake, na kwa msomaji wa Tanzania hili ni la msaada mkubwa. Bila maelezo hayo nusu ya vichekesho vingetupita. Ninamshukuru pia kwa kutoficha kwamba serikali ya nchi yake ilimfuatilia mama huyu: Shirika la Upelelezi, FBI, lilikuwa na jalada lake lenye kurasa 287, kwa sababu ya mikutano aliyohudhuria na watu aliofahamiana nao. Katuni zake hazikutajwa humo. Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi. Maneno yake makali kuliko yote yalikuwa yakichapwa hadharani kila wiki, yakiuzwa kwa yeyote mwenye sarafu mkononi, na waliokuwa wakimfuata hawakuona kwamba katuni ni mahali pa kutafuta fikra za mtu. Wachora katuni wa kila nchi wanaijua dharau hiyo, na wanajua pia kwamba mara nyingine ndiyo iliyowalinda.

Sura ninayoilalamikia ni ile ya wanasesere. Mwaka 1947 kampuni ya Terri Lee ilianza kutengeneza mwanasesere wa Patty-Jo, na mtoto wa karatasi akawa kitu cha kukumbatia, mwenye sura ya heshima, nguo nyingi za kubadilisha na nywele za kuchana, katika soko ambalo wanasesere Weusi walizoeleka kutengenezwa kama kejeli au kama watumishi. Alidumu madukani hadi mwaka 1949. Goldstein mwenyewe ni mtafiti wa historia ya wanasesere, na ndiyo njia iliyomfikisha kwa Ormes. Kwa hiyo anaandika sehemu hii kwa mapenzi ya mkusanyaji, kwa undani wa vitambaa na matoleo ambao mimi niliuona umezidi. Hata hivyo siwezi kusema haina maana. Nikipita sokoni Majengo, wanasesere wengi ninaowaona wakining'inia kwenye vibanda wana nywele za njano na macho ya buluu, na watoto wanaowanunua ni watoto wetu. Kwa hiyo malalamiko yangu ni ya kipimo tu. Sehemu ya nafasi ile ningeitaka ihamishiwe kwenye meza ya kazi ya Ormes: wino, brashi, saa alizoamka, namna alivyopanga wiki yake ili kisanduku kifike gazetini kwa wakati.

Sehemu ya rangi ni ile ya Torchy aliyerudi mwaka 1950, safari hii akiwa mwanamke mzima, katika hadithi ndefu ya mapenzi na matatizo iliyoendelea hadi mwaka 1954. Torchy anakutana na wanaume wabaya, anavunjika moyo, anasimama tena, na mwishoni anajikuta akifanya kazi pamoja na daktari katika mji ambao kiwanda kinachafua mazingira na ubaguzi unawanyima watu haki. Ni jambo la ajabu kulikuta suala la uchafuzi wa mazingira katika katuni ya gazeti ya miaka hiyo. Pembeni ya hadithi Ormes alikuwa akimchora Torchy kama mwanasesere wa karatasi, pamoja na nguo za kukata kwa mkasi na kumvisha, na kurasa hizi ndizo zilizopendwa kuliko zote darasani kwangu. Wasichana walichora wanasesere wao kwenye karatasi ya manila, wakawashonea, kwa penseli za rangi, magauni ya kitenge na sare za shule. Niwatahadharishe wazazi kwamba mwanasesere yule kabla ya kuvishwa ana nguo za ndani tu. Mimi niliwaambia akina mama mapema, na baada ya kuona kurasa zenyewe hakuna aliyekataa.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo kitabu hakilitaji, wala hakikuwa na sababu ya kulitaja. Mwaka 1951, wakati Torchy alipokuwa akichapwa kwa rangi huko Marekani, mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa huku kwetu Kondoa, akinakili michoro ya kale ya miambani, ile ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nimewapeleka wasichana wangu Kolo kuitazama. Kwa hiyo walipokuwa wakiweka karatasi angavu juu ya mikono ya Ginger na kuifuata mistari yake polepole, walikwisha kujua kwamba kunakili ni kazi yenye heshima, na kwamba mkono hujifunza kwa kupita pale ambapo mkono mwingine ulipita.

Mwaka 1956 Ormes aliacha katuni. Aliendelea kuchora picha za watu na za ukutani, akaandaa maonyesho ya mavazi ya kuchangia fedha, akawa miongoni mwa wajumbe wa mwanzo wa bodi ya DuSable, makumbusho ya historia ya watu Weusi huko Chicago, hadi baridi yabisi ilipomkaza vidole. Alifariki tarehe 26 Desemba 1985. Kurasa hizi ni chache, nami nilizisoma kwa shida, kwa sababu kwa mchoraji hakuna ugonjwa unaotisha kama ule unaoanza na vidole. Heshima nyingi zilimfikia akiwa hayupo. Jina lake liliingizwa katika ukumbi wa heshima wa tuzo za Eisner, tuzo kubwa za katuni za Marekani, mwaka 2018, miaka kumi baada ya kitabu hiki kutoka. Na ilipita miaka 35 tangu alipoacha kalamu hadi mwanamke mwingine Mweusi, Barbara Brandon-Croft, alipopata katuni inayosambazwa kwa magazeti ya kawaida ya nchi nzima, mwaka 1991.

Kuhusu upatikanaji, sikukiona katika maduka ya vitabu ya hapa mjini, nikalazimika kukiagiza. Nakala ya kwanza ilikaa wiki nyingi mikononi mwa wasafirishaji ambao sitawataja, ikatoka imelowa upande mmoja na kurasa za rangi zimegandana. Ya pili ililetwa na ndugu aliyekuwa akirudi nchini, ikafungwa kwa nailoni, ikapandishwa basi Dar es Salaam, nami nikaipokea stendi ya Nanenane saa tatu usiku. Kwa jumla ya fedha nilizotumia ningeweza kununua karatasi na wino vya darasa langu kwa muda mrefu. Lugha ni Kiingereza cha kitaaluma, ingawa hakina mafumbo, na mwalimu atakayetaka kukitumia kwa wanafunzi wa shule ya msingi itampasa atafsiri maneno ya kila kisanduku mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa michoro ishirini hivi, nikiandika Kiswahili kwa penseli kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika kando, na nikagundua kwamba Patty-Jo anazungumza Kiswahili vizuri sana, kwa sababu kila mtaa wa Dodoma una mtoto wa namna yake anayesema mbele ya wageni lile ambalo wakubwa wamekubaliana lisisemwe.

Msomaji akikipata, aanze na sura ya Patty-Jo na Ginger, kisha arudi nyuma kwenye wasifu, na sura ya wanasesere aiache mwisho. Nakala yangu siku hizi haikai kwangu. Inazunguka kila wiki kwa msichana mmoja, kutoka Chang'ombe hadi Nkuhungu na kurudi, imefungwa katika khanga ili vumbi lisiingie kwenye kurasa za rangi, na Jumamosi iliyopita ilirudi ikiwa na karatasi ndani yake: bibi na mjukuu kwenye foleni ya maji, mjukuu akisema, na bibi amechorwa mkono ukiwa umefunika mdomo.